Ng'ombe Hana Kosa, Tuangalie Pipa

Leo naomba tuweke pembeni kidogo siasa na mpira, tuongee habari ya mbu. Najua kuna mtu hapo keshataka kufunga ukurasa, anasema "mbu tena?" Subiri kidogo mkuu, muda uliolipia bado upo. Hii inakuhusu wewe hasa, wewe unayekaa kwenye mashine mpaka saa tatu usiku huku unajipiga makofi miguuni.

Nianze na kilichonifanya niandike. Mtaani kwetu, pembezoni mwa Dar es Salaam (mtaa wenyewe sitautaja, wanaoujua watauelewa), wafugaji ni wengi. Mama yangu naye ana ng'ombe wawili wa maziwa, amewafungia bandani nyuma ya nyumba. Nisiwafiche, ng'ombe hao ndio walionisomesha. Ni kweli ada ya sekondari za serikali ilifutwa tangu 2016, lakini nauli, sare, madaftari, tuisheni na chakula cha mchana havikufutwa. Vyote hivyo vilitoka kwenye dumu la maziwa mpaka nikamaliza kidato cha nne.

Basi bwana, msimu wa mvua uliopita wakaja watu wa afya wakiongozana na mgambo. Ujumbe wao ulikuwa mfupi: ng'ombe wanaleta mbu, mbu wanaleta homa, kwa hiyo mwenye ng'ombe ajiandae kuwahamisha au kulipa faini. Mgambo mmoja akalisogelea hori la maji, lile pipa tulilolikata nusu, akalipindua kwa mguu. Mama akamwambia taratibu tu, "Baba, hayo maji nimeyateka asubuhi hii." Yule kijana akajibu, "Mama, sisi tumetumwa." Wakaandika majina, wakaenda nyumba ya pili.

Sasa hapa ndipo nilipoanza kujiuliza. Nyuma ya banda kulikuwa na mapipa mawili ya akiba, hayana mifuniko. Kulikuwa na tairi la gari lililokatwa, tuliwahi kulitumia kunyweshea ndama. Kulikuwa na makopo ya maji ya kuku. Na upande wa pili wa ukuta kuna jengo ambalo mwenyewe alisimamisha ujenzi, na ndani yake lipo shimo la zege la kuhifadhia maji ya ujenzi, liko wazi kabisa. Hakuna aliyeangalia hata kimoja. Walichokiona wao ni ng'ombe.

Wiki iliyofuata mtaa ukabadilika. Waliokuwa na uzio wa miti wakapandisha mabati marefu. Wengine walihamisha ng'ombe usiku kwa ndugu zao, kisha wakawarudisha kimya kimya. Mapipa yote yakaingizwa ndani ya mabati. Yaani kazi nzima ile ya kupiga vita mbu iliishia kuyaficha mazalia ya mbu mahali ambapo hata bwana afya mwenye nia njema hawezi tena kuyaona.

NILIPIMA MWENYEWE

Mimi si mtaalamu. Baiolojia yangu ni ya kidato cha nne tu. Lakini kuangalia viluwiluwi hakuhitaji digrii. Unachukua bakuli jeupe na upawa, unachota maji juu juu polepole, unamimina, unasubiri yatulie. Kama wapo, utawaona wanacheza.

Hori la kunyweshea, lile lililopinduliwa: hakuna hata mmoja. Pipa la mbele, tunalochota kila siku: hakuna. Makopo ya kuku: wachache. Tairi: wamejaa. Pipa la nyuma la akiba: nilipofika hamsini nikaacha kuhesabu.

Nikamuomba mlinzi wa lile jengo aniruhusu nichote kwenye shimo la zege. Huko nikakuta kitu kingine. Wale wa kwenye pipa na tairi walikuwa wananing'inia kichwa chini, mkia juu. Hao ni ukoo wa kulekisi na aedesi, mbu wanaoeneza magonjwa kama matende na homa ya dengi, ile tunayoiita kidingapopo. Lakini wale wa kwenye shimo baadhi walikuwa wamelala bapa, sambamba na uso wa maji. Hiyo ndiyo alama ya anofelesi, ukoo wa mbu wa malaria. Ni anofelesi wa aina gani, hiyo ni kazi ya maabara. Ila shimo lile halina ng'ombe wala mbuzi. Lina mwenye nyumba tu, anayeishi mbali.

Nilikaa nikafikiri kwa nini hori halina kitu na pipa la akiba limejaa. Jibu ni rahisi mno, mpaka nikajiona mjinga. Ng'ombe wa maziwa kwenye joto kama letu anaweza kunywa lita 50 mpaka 100 kwa siku, hata zaidi. Pipa la lita 200 kwa ng'ombe wawili halifikishi siku nyingi. Na kutoka yai la mbu mpaka mbu mwenye mabawa, kwenye joto la Dar, ni kama siku saba mpaka kumi au zaidi kidogo. Kwa hiyo maji yanayonyweka hayana nafasi ya kutoa mbu. Ng'ombe anamwahi mbu. Maji yanayotoa mbu ni yale YANAYONGOJA.

Na kwa nini maji yangoje? Kwa sababu bomba letu halitabiriki. Wakazi wa Dar tunakumbuka mgao wa mwaka 2022, mto Ruvu ulipopungua maji. Siku maji yakitoka, kila mtu anajaza kila chombo. Na tunajazaje? Tunaongezea juu ya yaliyopo. Yaani pipa linaweza kumaliza miezi sita halijawahi kufika chini. Sisi tunasema ni maji mapya, kumbe nusu yake ni ya mwezi uliopita na wapangaji wake wamo ndani.

SASA HABARI YENYEWE KUBWA

Mtu atasema, mbu na malaria ni vitu vya siku zote, tumezaliwa navyo, kuna jipya gani? Jipya lipo wadau, na ndiyo maana nimeona hili ni jambo la kitaifa.

Miaka yote tumefundishwa kwamba malaria ni ya shamba zaidi kuliko mjini. Ni kweli kwa kiasi chake. Mbu wetu wakubwa wa malaria wanapenda madimbwi ya mvua, mabonde ya mpunga, alama za kwato, maji yaliyo wazi kwa jua. Mji ukijengeka, lami ikipita, mabonde yakifukiwa, mbu hao wanapungua. Kwa nchi nzima, vipimo vya watoto chini ya miaka mitano vilionyesha waliokuwa na vimelea vya malaria wakishuka kutoka kama asilimia 18 mwaka 2007/08 mpaka kama asilimia 8 mwaka 2022. Hiyo ni kazi ya vyandarua, dawa mseto, vipimo vya haraka na mambo mengine mengi.

Lakini kuna mbu mwingine, anaitwa Anopheles stephensi. Asili yake ni Asia ya Kusini na nchi za Uarabuni. Huyu ni anofelesi mwenye tabia za mjini. Hana shida na dimbwi, anapenda chombo: tenki la juu ya nyumba, kisima, pipa, shimo la maji ya ujenzi, hori la mifugo. Wahindi wanamjua siku nyingi. Mwaka 1911 kule Bombay (Mumbai ya leo) uchunguzi wa malaria ulionyesha visima na matenki ya mjini kuwa ndiyo chanzo, na jiji likaanza kudai vifunikwe. Zaidi ya miaka mia moja iliyopita!

Mwaka 2012 mbu huyu alionekana kwa mara ya kwanza Pembe ya Afrika, nchini Djibouti. Hebu angalieni Djibouti ni nini: ni bandari, na ni mlango mkubwa wa kusafirishia mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia kwenda Uarabuni. Meli zinakwenda na kurudi, mifugo inakaa karantini ikisubiri, na mifugo inayosubiri inahitaji maji. Wapo watafiti wanaoona biashara hii ya baharini kuwa moja ya njia alizopitia.

Mwaka huo 2012 Djibouti ilikuwa na wagonjwa wa malaria 27 waliosajiliwa. Ilikuwa inakaribia kuitokomeza kabisa. Mwaka 2020 waliosajiliwa walizidi 73,000. Nchi nzima ina watu kama milioni moja tu! Sisemi mbu huyu ndiye sababu pekee, lakini wataalamu wengi wanamuweka juu ya orodha.

Kutoka hapo akaendelea. Ethiopia alionekana 2016, Sudan mwaka huo huo, Somalia 2019, Nigeria 2020. Mwaka 2022 mji wa Dire Dawa, mashariki mwa Ethiopia, ukapata mlipuko wa malaria wakati wa kiangazi, wakati ambapo malaria haikutegemewa. Januari mpaka Mei 2019 walikuwa wagonjwa 205. Miezi hiyo hiyo ya 2022 wakawa kama 2,400. Watafiti walipokwenda kukamata anofelesi wakubwa kwenye maeneo hayo, karibu wote walikuwa stephensi. Na unajua nani walikuwemo kwenye wagonjwa? Wanafunzi wa chuo kikuu, wako mabwenini. Yaani vijana kama sisi.

Sasa shika hapa. Mwaka 2023 taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, KEMRI, ilitangaza kuwa mbu huyu amepatikana Laisamis na Saku, kaunti ya Marsabit. Ukiangalia ramani utaona Marsabit na Laisamis ziko kwenye ile barabara kuu inayotoka Moyale mpakani na Ethiopia, inapita Isiolo, inaingia Nairobi. Ni barabara ya malori ya mifugo. Kutoka Nairobi mpaka Namanga ni safari ya saa chache, ukivuka uko Arusha. Mbu hapigi mhuri wa pasipoti. Anahitaji lori lenye maji kidogo ndani, na mji wenye mapipa wazi akifika. Mapipa wazi sisi tunayo tayari.

Mwaka 2020 kundi la watafiti lilipiga hesabu kwamba akisambaa kwenye miji ya Afrika inayomfaa, watu milioni 126 zaidi watakuwa hatarini. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) likaanzisha mpango maalumu wa kumzuia Afrika. Wenyewe wameona ni jambo zito.

CHANDARUA HAKITOSHI HAPA

Labda unasema, mimi nalala kwenye chandarua, nina wasiwasi gani. Chandarua usikiache, kimeokoa watu wengi mno. Lakini stephensi anauma pia jioni mapema, kabla hujaingia kitandani, na anauma nje pamoja na ndani. Jioni wewe uko wapi? Uko kijiweni, uko kwenye kahawa, uko hapa kwenye mashine. Halafu sehemu nyingi alikopimwa ameonekana kuvumilia dawa nyingi tunazotegemea kupulizia ukutani na kuweka kwenye vyandarua.

Na kuna jambo lingine. Mtu wa mjini aliyekulia sehemu yenye malaria kidogo mwili wake haujazoea vimelea. Malaria ikirudi kwa kishindo, haimchagui mtoto mchanga peke yake. Inamlaza na kijana wa miaka ishirini anayejiona mzima.

Hata kama stephensi asingekuwepo duniani, vyombo hivi hivi ndivyo vinavyozalisha aedesi wa kidingapopo. Dar tulipata mlipuko 2014, ukarudi 2019 tena mkubwa zaidi. Huo wa 2019 ulinipitia mimi nikiwa kidato cha kwanza. Nililala siku sita, mifupa inauma kama nimepigwa, macho siwezi kuyageuza. Mama alikuwa akitoka kukamua anakuja kunipa uji, anarudi bandani. Sikujua wakati ule, lakini leo nikiangalia lile tairi nyuma ya banda napata mawazo mabaya. Huenda ugonjwa wangu ulilelewa nyumbani kwetu, kwenye maji yetu wenyewe, na tulikuwa tukimnywesha ndama hapo hapo.

Sitaki kumlaumu mama. Hakuna aliyewahi kuja kumwonyesha. Waliokuja walikuja na mgambo.

WANAOTAKA NG'OMBE WAONDOKE WANA HOJA

Tuwe wakweli. Sio kila mfugaji wa mjini ni mama yangu. Wapo wanaojaza ng'ombe kumi uani, samadi inatiririka kwa jirani, inzi usiseme. Jirani ana haki ya kulalamika. Sheria ndogo za miji zinazowataka wafugaji wafungie mifugo na wasizidishe idadi hazikutungwa kwa chuki.

Na kuna hoja ya kisayansi pia. Stephensi anapenda damu ya mifugo. Ethiopia walimkuta amepumzika mabandani, na walipopima damu tumboni mwake wakakuta ya ng'ombe na mbuzi pamoja na ya watu. Kwa hiyo banda ni jiko lake, na pipa la pembeni ni chumba chake cha uzazi. Viko uani pamoja, chakula na malezi. Ukiliangalia hivyo, unaweza kusema aliyetaka ng'ombe aondoke alikuwa sahihi.

Lakini fikiria hatua inayofuata. Umemwondoa ng'ombe, pipa limebaki, kwa sababu watu bado wanahitaji maji na bomba halijabadilika. Mbu aliyekuwa anagawana kati ya ng'ombe na wewe, sasa anakula wapi? Kwako. Na lile shimo la zege la jengo lisiloisha bado lipo. Na matenki yasiyo na mifuniko juu ya maghorofa bado yapo. Utakuwa umemnyima mama mmoja kipato, mtoto mmoja maziwa, na mbu hujampunguzia kitu cha maana.

Zaidi ya hapo, umemfundisha kila mfugaji kwamba mtu wa afya ni adui. Siku stephensi akifika kweli, kazi ya kwanza itakuwa kuingia uani kwa watu na kuchota maji kwenye vyombo vyao. Nani atafungua geti? Ndiyo maana nasema hoja yangu leo ni moja: ukimpiga vita mfugaji unampoteza mtu pekee anayeweza kumuua mbu huyo, maana ndiye anayeshika ndoo kila siku.

TULIWAHI KUFANYA VIZURI

Wengine mtashangaa kwamba Dar imewahi kuwa mfano. Mwaka 2004 jiji lilianza mpango wa kudhibiti malaria mjini. Waliajiri wakazi wa mitaa yenyewe, wakawafundisha kutafuta mazalia nyumba kwa nyumba, dimbwi kwa dimbwi. Mwaka 2006 wakaanza kuweka dawa ya kibaiolojia kwenye kata tatu. Dawa hiyo inatokana na bakteria anayeitwa Bti. Kiluwiluwi akiila inamharibu utumbo, anakufa. Mtu haimdhuru, ng'ombe haimdhuru. Utafiti uliochapishwa 2009 ulionyesha kuwa maambukizi ya malaria yalipungua kwenye maeneo hayo.

Angalia siri yake: mkaguzi alikuwa jirani yako. Hakuja na mgambo, alikuja na upawa.

Na dawa za namna hiyo tunatengeneza wenyewe. Kiwanda cha Kibaha, kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba, kilizinduliwa 2015. Mwaka 2017 Rais Magufuli alikitembelea akaziagiza halmashauri zikanunue dawa. Swali langu kwa wadau ni hili: mtaani kwako umewahi kumwona mtu akiweka dawa hiyo hata mara moja? Jibu kwenye maoni hapo chini, taja mkoa tu, usitaje mtu.

Tukumbuke pia kwamba kazi ya kufuatilia mbu Afrika imekuwa ikilipwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, hasa mpango wa Rais wa Marekani wa malaria uliokuwa chini ya USAID. Mwaka 2025 Marekani iliivunja USAID. Sasa tusingoje mgeni aje kutuambia kuna nini kwenye pipa letu. Upawa na bakuli havihitaji mfadhili.

TUFANYE NINI

Nyumbani kwetu tumeanza hivi, na sio kitu cha gharama.

Kwanza, hatumwagi maji. Ukimwambia mtu aliyenunua maji kwa mkokoteni ayamwage kila wiki, atakucheka. Tulichofanya ni kuyapa mapipa namba kwa rangi, moja, mbili, tatu. Ng'ombe anakunywa ya zamani kwanza. Pipa namba moja likiisha ndipo tunahamia namba mbili, na hatuongezei juu ya yaliyopo. Hakuna pipa linalomaliza wiki bila kufika chini. Kama kuna viluwiluwi unachuja kwa kitambaa, unawatupa juani kwenye mchanga mkavu.

Pili, pipa likiisha tunalisugua kuta kwa brashi. Hili watu hawalijui. Aedesi anataga kwenye ukuta wa chombo juu kidogo ya maji, na mayai yake yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa, yakipata maji yanaanguliwa. Kumwaga bila kusugua ni kazi nusu.

Tatu, mfuniko. Kipande cha bati au kitambaa kizito kilichofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kiwe hakina nafasi, maana mbu hahitaji mlango mkubwa.

Nne, lile tairi tumelitoboa chini. Makopo ya kuku yanapinduliwa kila asubuhi. Hori nalo linasafishwa, hata kama halina kitu.

Tano, msiweke oili chafu kwenye maji ya mifugo. Kuna watu wanafanya hivyo wakidhani wanaua mbu. Mtaua ng'ombe.

Hayo ni ya kwetu. Na wao je? Halmashauri zianze kukagua VYOMBO VYA MAJI VYOTE: vya mfugaji, vya mwenye ghorofa, vya mkandarasi. Faini ianzie kwenye shimo la zege la tajiri asiyeonekana, sio kwenye hori la mama anayekamua saa kumi alfajiri. Bwana afya apewe dawa ya Kibaha mkononi, aache mgambo ofisini. Mnadani Pugu na minada mingine, ambako malori ya mifugo yanashusha, mabwawa ya kunyweshea na vyombo vya malori viangaliwe kila wiki. Na mabomba yatoe maji. Bomba likitoka kila siku nani atakaa na mapipa matatu uani?

Wiki mbili baada ya kuweka namba kwenye mapipa nilichota tena. Pipa la akiba: sifuri. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu ameshika ndoo, akachungulia bakuli, akaniuliza, "Sasa wale waliokuja kuandika majina, mwanangu, hawakuwa na bakuli?"

Sikuwa na jibu. Lile shimo la jirani bado limejaa, na mwenyewe hajaonekana.

Nawasilisha. Wa Arusha, Mwanza, Dodoma, leteni hali ya kwenu. Na kama kuna mdau anasoma akiwa Isiolo au Marsabit, wewe ndiye tunayekuhitaji kuliko wote: tuambie huko mnafanyaje, na watu wa afya wakija wanakuja na nini mkononi.